Makumbusho matatu, mfuko mmoja: mpenzi wa pikipiki apeleke wapi pauni zake?

Mjomba wangu ana miaka 78, na zaidi ya 40 kati ya hiyo ameila akiwa fundi pikipiki Tanga. Alipokuja kututembelea Leicester, Uingereza, mwezi Mei, hakusubiri hata chai ipoe. Kitinda mimba wake, alisema, amechanga fedha za kununua pikipiki ya bodaboda. Zinatosha moja tu, na kijana ameshindwa kuchagua kati ya Boxer na TVS.

"Mjomba," aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, "wewe unakaa kwa watu walioanza kutengeneza pikipiki kabla babu yangu hajaoa. Hebu waulize."

"Wengi wao viwanda vyao vimekufa, Mjomba. Wa kuulizwa wako makumbusho."

Nilisema kwa utani. Yeye akaweka kikombe chini, akauliza kiingilio ni shilingi ngapi.

Swali hilo ndilo kila mpenzi wa pikipiki huanza nalo, na mara nyingi ndilo linalompoteza. Leicester iko mahali pazuri kwa mtu wa ugonjwa wetu: Hinckley, kwenye kiwanda cha Triumph, ni nusu saa kwa gari, Coventry, kwenye makumbusho ya usafiri, ni kama dakika 40, na Bickenhill, karibu na uwanja wa ndege wa Birmingham, yalipo makumbusho ya taifa ya pikipiki, hujamaliza saa moja umefika. Miaka mitatu iliyopita nilijaribu kuyaona yote matatu siku moja ili nisitoe likizo mara tatu. Mshika mawili moja humponyoka. Mimi nilishika matatu, nikarudi nyumbani na maumivu ya kiuno na picha za vibao ambavyo sikuvisoma. Kwa ajili ya Mjomba nikayagawa katika Jumamosi tatu, na safari hii nikaweka hesabu.

Kwanza, fedha inakokwenda

Viingilio hupanda karibu kila mwaka, kwa hiyo nitavipanga kwa madaraja, msomaji athibitishe bei ya siku yake kabla ya kutoka. Maonyesho ya Triumph pale Hinckley ni bure. Bickenhill na Coventry, mtu mzima hulipa chini ya pauni 20. Ziara ya kuingia ndani ya kiwanda cha Hinckley ndiyo inayovuka pauni 20 kwa kichwa. Wazee hupata punguzo katika makumbusho yanayotoza, na mwenye watoto aulizie tiketi ya familia kabla ya kununua moja moja.

Sasa weka juu yake yale yasiyoandikwa langoni. Kwenda na kurudi Bickenhill kwa gari la mke wangu tulichoma petroli ya kama pauni 12. Kwa Honda yangu ya sisi (cc) 500 ingekuwa chini ya nusu ya hapo, ila Mjomba alikataa kupakizwa: alisema yeye hubeba abiria, habebwi. Chakula ndicho kinachoua. Mkahawa wa makumbusho, popote Uingereza, hukuuzia mkate wenye jibini kwa bei ambayo Tanga ungerudi na kilo mbili za nyama. Ukiwa na watu wanne, chakula cha mchana kinaweza kuzidi viingilio vyenu vyote. Sisi tulibeba chapati, maharage ya nazi kwenye hotipoti na chupa ya chai, tukala kwenye maegesho, mlango wa gari ukiwa wazi, kama watu walio njiani kwenda Lushoto.

Baada ya chakula kuna duka la mlangoni. Kila makumbusho yana mlango mmoja wa kutokea, nao hupita katikati ya fulana, vikombe na vitabu. Bickenhill pia huendesha bahati nasibu ambayo zawadi yake huwa pikipiki ya zamani iliyofufuliwa, kama Norton Commando, na karatasi zake hukujia njiani pale pale unapotoka ukiwa umelewa harufu ya oili. Mjomba, ambaye ni mtu wa swala, aliigeuzia uso. Mimi nilishika pochi mara mbili.

Kwa hiyo, ukikusanya petroli, chakula na kishawishi cha dukani, kiingilio kinakuwa kama theluthi ya gharama ya siku, pengine pungufu. Ukiacha makumbusho bora kwa sababu ya tofauti ya pauni tano langoni, umeokoa chumvi ukamwaga mchuzi. Kipimo nilichotumia ni kingine: nimelipa kiasi gani kwa kila saa ambayo sikutamani kuangalia saa?

Bickenhill: bei ya kati, siku nzima

National Motorcycle Museum ipo kando ya barabara kuu ya M42, makutano namba 6. Maegesho hayalipiwi. Asiye na gari atashuka stesheni ya Birmingham International. Kutoka London Euston treni za moja kwa moja hufika kwa kama saa moja na robo, na tiketi iliyokatwa mapema huwa nafuu sana kuliko ya kununua asubuhi hiyo hiyo. Kutoka Leicester hulazimika kubadilisha treni, mara nyingi Birmingham New Street. Kutoka stesheni hadi mlangoni si mbali kwa kilomita, lakini barabara zake hazikujengwa kwa ajili ya mtembea kwa miguu, basi tenga nauli ya teksi.

Makumbusho haya yalianzishwa na mfanyabiashara Roy Richards, yakafunguliwa mwaka 1984 yakiwa na pikipiki kama 350. Leo zimezidi 800, katika kumbi tano, na sharti lake ni moja: pikipiki za Kiingereza. Zimepangwa safu kwa safu, usukani kwa usukani, karibu kama maegesho ya bodaboda stendi ya Ngamiani kule Tanga, isipokuwa hakuna anayekuita "bosi, twende".

Tarehe 16 Septemba 2003 kishina cha sigara kilichotupwa ovyo kiliwasha moto ulioteketeza kumbi tatu kati ya tano na mamia ya pikipiki. Miongoni mwa zilizoungua ni Triumph Trident iliyobandikwa jina la utani Slippery Sam, iliyoshinda mashindano ya pikipiki za kawaida kisiwani Man miaka mitano mfululizo, 1971 hadi 1975. Jina lake lilitokana na oili iliyomwagika na kumpaka dereva. Waliijenga upya, na makumbusho yakafunguliwa tena Desemba 2004. Wanunuzi wa tiketi wengi hawajui kwamba sehemu ya wanachokitazama imefufuka majivuni. Mjomba alipolijua hilo aliacha kutazama rangi akaanza kutazama nati. "Hii mpya," alisema. "Hii ya zamani. Hii fundi amedanganya, lakini amedanganya vizuri."

Kwa mpenzi wa pikipiki, hapa ndipo kila ukumbi unadai saa yake. Kuna Brough Superior za Nottingham, pikipiki ambazo katika miaka ya 1920 na 1930 zilikuwa za wenye nazo. T. E. Lawrence, yule wa Uarabuni, alimiliki saba, akafa Mei 1935 baada ya kuanguka na ya mwisho. Kuna Vincent Black Shadow za Stevenage, ambazo mwishoni mwa miaka ya 1940 zilikimbia kama kilomita 200 kwa saa wakati magari mengi yakihema kufika 110. Kuna Ariel Square Four yenye silinda nne zilizokaa mraba, mbili mbele na mbili nyuma. Zile za nyuma zilijulikana kwa kupata joto kwa sababu wenzao huwazibia upepo. Mjomba alilitambua tatizo hilo kwa macho kabla sijamsomea kibao.

Lakini aliposimama muda mrefu kuliko kote ni mbele ya BSA Bantam, kipikipiki cha sisi 123 kilichotoka mwaka 1948. Mchoro wake ulitoka kwa DKW RT 125 ya Ujerumani, ukachukuliwa kama fidia ya vita. Bantam ilibeba vijana wa posta na simu zao za maandishi, mafundi, manesi wa vijijini. Haikuwa na fahari yoyote. Ilikuwa bodaboda kabla ya neno bodaboda kuzaliwa mpakani Busia. Kampuni iliyoitengeneza, Birmingham Small Arms, ilianza mwaka 1861 kama watengeneza bunduki, na katika miaka ya 1950 ilihesabiwa kuwa mtengenezaji wa pikipiki mkubwa kuliko wote duniani. Mwaka 1973 ilianguka.

"Mwaka huo ndio spea zilipokata," Mjomba alisema.

Mwaka 1969 alinunua pikipiki ya Kiingereza, ya mkononi, kutoka kwa karani wa shamba la mkonge. Jina la kampuni nitalimeza. Aliipenda kuliko kitu chochote alichowahi kukiendesha, na kila asubuhi aliikuta imeacha doa la oili chini yake, kama mtoto aliyekojoa kitandani. Alikata gasketi kwa karatasi za maboksi, akazipaka sabuni. Alifanya hivyo miaka minne. Kisha akaiuza kwa bei ya kutupa, akanunua Honda.

Nilimwonyesha kwa nini. Injini nyingi za Kiingereza ganda lake lilipasuliwa wima, hivyo mshono wake ulishuka hadi chini ambako oili hutuama. Wajapani walipasua ganda kwa ulalo, mshono ukakaa juu ya oili. Waingereza waliendelea na mashine za kiwandani zilizozeeka na michoro ya kabla ya vita. Mwaka 1969 Honda ikaleta CB750: silinda nne, breki ya diski mbele, starta ya kubonyeza. Mtu hakuhitaji tena kupiga kiki hadi goti lilie. Wanunuzi wa dunia nzima, Mjomba wangu akiwa mmojawao, wakalinganisha bei na usumbufu, wakahama.

Ndiyo maana makumbusho haya yanamgusa mnunuzi zaidi ya yanavyomgusa mwanahistoria. Honda haimo ukumbini, lakini ndiyo iliyozileta nyingi ya hizi humu. Unatembea saa kadhaa katikati ya maamuzi ya wateja: hii waliikataa kwa bei, ile kwa kuvuja, ile nyingine kwa kukosa duka la spea. Kwa kiingilio kisichofika pauni 20, nimepata karibu saa tano nisizozijutia. Kati ya makumbusho yanayotoza, hakuna yaliyonipa saa kwa bei nafuu kuliko hapo.

Ushauri wa bei: kwa miaka kadhaa Bickenhill wamekuwa na wikiendi ya milango wazi, bila kiingilio, mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Huja na umati, na injini za zamani huwashwa nje. Ukipenda sauti nenda siku hiyo. Ukipenda kusoma vibao, lipa uende Jumanne ya Februari.

Hinckley: bure, mpaka utake kuingia ndani

Triumph walifungua jengo lao la wageni Novemba 2017, ubavuni mwa kiwanda. Maegesho bure, kuingia bure, maonyesho bure. Mji una stesheni kwenye reli ya Leicester na Birmingham, kwa hiyo hata asiye na gari anafika bila kubadilisha treni. Mkahawa wake unaitwa 1902, mwaka ambao Triumph ilitoa pikipiki yake ya kwanza.

Kinachotolewa bure kinamalizika kwa saa moja. Ni kisafi, kina taa nzuri, na kila pikipiki ina nafasi ya kupumua. Kinasimulia hadithi ya kampuni moja kama kampuni yenyewe ingependa isimuliwe: Siegfried Bettmann, kijana aliyetoka Nuremberg akaanzisha biashara ya baiskeli, kiwanda cha Coventry kilichobomolewa na mabomu ya Novemba 1940, kuhamia Meriden mwaka 1942, umaarufu wa Bonneville, kisha kufilisika na kufungwa mwaka 1983. Jina likanunuliwa na John Bloor, mjenzi wa nyumba, naye akajenga kiwanda kipya hapa Hinckley. Mwaka 1991 pikipiki mpya zilianza kuuzwa, injini zake zikiwa zimejifunza mengi kutoka kwa wale wale Wajapani.

Ziara ya kiwandani huchukua kama saa moja na nusu, nayo lazima uikate mapema, kwa kuwa nafasi ni chache na haifanyiki kila siku. Je, inastahili pauni zake? Inategemea unataka kuona nini. Anayetarajia kuona kila Triumph ikizaliwa atapungukiwa: sehemu kubwa ya pikipiki za kampuni hii huunganishwa Thailand. Anayetaka kuona mahali michoro inapokuwa chuma atafurahi. Kwa gharama ya saa moja, ndiyo ghali kuliko zote nilizohesabu, na mtu mwenye siku moja tu Uingereza nisingemwambia aanzie hapa. Mwenye kuimiliki Triumph hana haja ya ushauri wangu. Ataenda tu, kama mtu anayekwenda kuona kijiji cha wakwe.

Mimi na Mjomba tuliishia maonyesho ya bure. Tulikuwa karibu kutoka nilipomweleza jambo ambalo sikujua litampata vipi. Triumph ndogo za sisi 400, zilizoanza mwaka 2023, zinatengenezwa India na Bajaj.

"Bajaj ipi?"

"Hiyo hiyo ya Boxer, Mjomba. Ya bajaji za pale Barabara ya Kumi na Mbili."

Alikaa kimya. Nikaona nimalizie. Jina la Norton, lenye safu yake pale Bickenhill, lilinunuliwa mwaka 2020 na TVS kwa pauni milioni 16, na kiwanda chake sasa kipo Solihull, wilaya ile ile yaliko makumbusho tuliyoyaona Jumamosi iliyopita. Jina la BSA liko mikononi mwa kampuni ya kundi la Mahindra tangu 2016. Royal Enfield, iliyozaliwa Redditch, ilipeleka mashine zake Madras katika miaka ya 1950. Kiwanda cha nyumbani kikafa, cha ugenini kikaishi, na leo Royal Enfield ni ya Wahindi moja kwa moja.

"Kwa hiyo kijana wangu," alisema polepole, "anachagua kati ya Triumph na Norton."

Tulicheka mpaka mhudumu wa mkahawa akageuka.

Coventry: tiketi ya mwaka, watoto wakiwemo

Coventry Transport Museum ipo katikati ya mji, hatua chache kutoka stendi ya mabasi. Maegesho ya mjini hulipiwa, na hilo ndilo litakalokushtua ukizoea Bickenhill na Hinckley. Tiketi yake ina faida isiyopatikana kwingine: ukilipa mara moja unaingia mwaka mzima. Kwa anayekaa Leicester, Birmingham au Coventry yenyewe, akirudi mara tatu tu bei ya kila ziara inashuka chini ya ile ya kikombe cha kahawa na keki. Kwa mgeni wa siku moja faida hiyo haipo.

Pikipiki ni sehemu tu ya kilichomo. Kuna baiskeli, magari, na mashine iliyokimbia kuliko sauti: ThrustSSC, gari la injini mbili za ndege, ambalo mwaka 1997 Andy Green aliliendesha jangwani Nevada kwa zaidi ya kilomita 1,220 kwa saa. Wanangu wawili walisimama mbele yake midomo wazi. Mpenzi wa pikipiki asiye na watoto anaweza kuona ametupiwa mifupa.

Hata hivyo kuna mfupa mmoja wenye nyama. Coventry ndiko John Kemp Starley alikotengeneza baiskeli ya Rover mwaka 1885, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na mnyororo unaozungusha la nyuma. Kabla yake mpanda baiskeli aliketi juu ya gurudumu kubwa kama aliyepanda dari. Ukiitazama Rover unaiona pikipiki: fremu ile ile, mnyororo ule ule, inangoja injini tu. Viwanda vya baiskeli ndivyo vilivyozaa viwanda vya pikipiki, Triumph ikiwemo. Mjomba alianza maisha kama fundi baiskeli, akapandia pikipiki baadaye. Hapo alisema ameona mji mzima ukipita njia yake.

Tulikaa saa tatu. Kwa familia nasema nenda Coventry. Kwa mtu mwenye pikipiki moja kichwani, iwe ya pili.

Walio mbali na sisi

Mkaaji wa London asiye na siku nzima ana Ace Cafe, kwenye barabara ya North Circular, iliyofunguliwa mwaka 1938 kwa ajili ya madereva wa malori, ikafungwa 1969, ikafufuliwa 2001. Huko si makumbusho. Ni mkahawa, na urithi wake huegeshwa nje ukiwa bado na joto la injini. Gharama ni chai yako. Aliye kusini, upande wa Southampton, asivuke nusu ya nchi kabla hajaona makumbusho ya Sammy Miller pale New Milton, yaliyojengwa na bingwa wa mashindano ya kupanda mawe na matope.

Kwa ndugu walioko Marekani, machaguo makubwa ni mawili, na viingilio vyake hucheza karibu na dola 20. Makumbusho ya Harley-Davidson ya Milwaukee, yaliyofunguliwa Julai 2008, yanasimulia kampuni moja, na kutoka katikati ya mji unaweza kufika bila gari. Makumbusho ya Barber yapo Birmingham nyingine, ile ya Alabama. Mwaka 2014 yaliingia kwenye rekodi za Guinness kwa pikipiki 1,398, za nchi nyingi, Japani ikiwemo, na ubavuni kuna uwanja wa mbio. Lakini bila gari hufiki, kwa hiyo ongeza gari la kukodi kwenye hesabu yako. Kwa mwenye kutaka kuona nani alimshinda nani, na kwa nini, ningelipa hilo gari.

Nani aende wapi

- Fundi, au anayejiita mpenzi bila kuona haya: Bickenhill. Ingia asubuhi, beba chakula, usiunganishe na kwingine siku hiyo.
- Mwenye mfuko mtupu: maonyesho ya Hinckley kwa treni, au Bickenhill kwenye wikiendi ya milango wazi.
- Mwenye Triumph nyumbani: Hinckley pamoja na ziara ya kiwandani, iliyokatwa wiki kadhaa kabla.
- Mzazi mwenye watoto, akikaa karibu: Coventry, na uitumie tiketi mwaka wote.
- Mgeni wa siku mbili kutoka nyumbani: Bickenhill siku ya kwanza. Siku ya pili asubuhi Hinckley, bure, mchana urudi kupumzika.
- Anayekwenda kwa pikipiki yake: ulizia mapema pa kuhifadhi helmeti na koti. Saa nne za kubeba helmeti mkononi ni gharama pia.

Jibu la kitinda mimba

Usiku kabla ya kuondoka, Mjomba aliomba nimshikie simu arekodi ujumbe wa sauti kwa mwanawe, kwa sababu vitufe vya simu yangu ni vidogo kwa vidole vyake. Nilitegemea amsimulie habari za Triumph na Norton, maana alikuwa amezirudia mara nne kwa jirani zetu. Hakuzitaja.

"Mwanangu," alisema, "uliniuliza ipi nzuri. Usiniulize hivyo tena. Nimetoka kuona nzuri mia nane, zote zimesimama. Kesho toka uende gereji zote tatu za mtaani kwenu. Uulize: nikikatikiwa waya wa klachi saa kumi na moja alfajiri, nani anao mkononi, na anauza shilingi ngapi? Ile ambayo mafundi wote watatu watakujibu bila kufikiri, hiyo ndiyo ununue."

Akanirudishia simu. Kisha akaichukua tena, akaongeza: "Na asubuhi ukiamka, kabla hujaiwasha, angalia chini."